Furaha ya Mbali: Tarikhi ya Ushabiki wa Kandanda ya Ulaya Katika Karambi na Bwera

Miongoni mwa ada zilizoota mizizi katika miteremko ya kusini ya milima ya Rwenzori kwa muda usiozidi umri wa mtu mzima, ni vigumu kutaja nyingine iliyo changa na yenye nguvu kama ada ya kushangilia ushindi wa klabu za Ulaya. Mkulima wa Karambi ambaye hajapata kuvuka bahari, wala hajauona uwanja wa London au wa Madrid ila katika kioo cha televisheni, hukesha ilhali kesho ana shamba la kupalilia, hutoa sehemu ya fedha yake ya kahawa apate nafasi juu ya benchi la ubao, na klabu yake ikishinda hutoka nje akapaza sauti ikasikika kilima hata kilima. Wageni waionao ada hii huicheka, wakaiita uigaji. Na baadhi ya wazee wa hapa huihesabu kuwa dalili ya vijana waliotupa ya kwao wakaokota ya wenzao. Lakini jambo lililopita katika vita, maradhi na mafuriko kwa takriban miaka thelathini bila kufa halikosi sababu, na sababu yake haimdhihirikii mwenye kulitazama usiku mmoja tu. Humdhihirikia mwenye kuifuata tarikhi yake tangu mwanzo.

Kwanza yafaa mahali penyewe pajulikane. Karambi ni gombolola ya Bukonzo ya Magharibi, wilaya ya Kasese, jirani na mji wa Bwera, mahali ambapo milima hushuka kuelekea uwanda wa Ziwa Edward na mpaka wa Kongo. Wengi wa wakaaji wake ni Bakonzo, wakulima wa kahawa, mihogo, maharagwe na mahindi, na mto Lhubiriha ndio unaowatenga na ndugu zao Banande wa upande wa Beni na Butembo. Mpaka huo haukuwekwa na wao, bali ulikatwa na serikali za Ulaya katika mapatano ya mwaka 1910, yaliyouacha upande mmoja wa mlima chini ya Waingereza na upande wa pili chini ya Wabelgiji. Hata hivyo, Kikonzo na Kinande zilibaki zikisikilizana, jamaa wakabaki wakiozana, na daraja kati ya Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo likawa njia ya mizigo, ya habari na ya wakimbizi. Katika soko la Mpondwe, ambalo Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa siku ya mnada huvuta watu wapatao 20,000, Kiswahili ndicho kipimo cha bei: Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kongo hukutana na kile kilichoenezwa Uganda na askari, polisi na wachimba madini. Kwa lugha hiyohiyo mabao ya Ulaya husimuliwa asubuhi ya pili yake.

Kandanda iliingia Uganda kwa mikono ya wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society, na mwaka unaotajwa aghalabu ni 1897, katika viwanja vya Mengo na Namirembe, ambapo Robert Walker na wenzake waliwafundisha vijana wa Kiganda mchezo huo sambamba na herufi na sala. Mpira ukafuata njia ya shule: palipofunguliwa darasa palisafishwa na kiwanja, na mwalimu aliyefundisha hesabu asubuhi alipuliza filimbi jioni. Chama cha mpira cha nchi kiliundwa mwaka 1924, na mwaka 1926 Uganda na Kenya zikaanza kushindania Kombe la Gossage. Lakini Bukonzo, iliyokuwa wakati ule chini ya ufalme wa Toro, ilipata shule chache na kwa kuchelewa, na upungufu huo ulikuwa miongoni mwa manung'uniko ambayo Bakonzo waliyabeba kwa miaka mingi mpaka yakageuka silaha. Kwa hiyo mtu asishangae kuwa katika sehemu hizi mpira ulitangulia kuwa mchezo wa watu wengine, wa wanafunzi wa Fort Portal na makarani wa serikali, kabla ya kuwa mchezo wa watoto wa mlimani, waliofunga majani makavu ya migomba kwa kamba wakayaita mpira.

Mwaka 1956 ulileta mageuzi mawili, moja likiwa hapa na la pili mbali sana, ambayo hakuna aliyeweza kudhani kuwa yatakutana. Hapa, reli kutoka Kampala ilifika Kasese, ikaja kuichukua shaba ya mgodi wa Kilembe. Maelfu ya wafanyakazi wa makabila mbalimbali wakakusanyika bondeni mwa mto Nyamwamba, wakaishi katika nyumba za kampuni, wakapokea mishahara ya mwisho wa mwezi, na wakapata kile ambacho mkulima hakukijua, yaani siku ya Jumapili isiyo na kazi na wasaa wa kutazama mchezo. Kule mbali, katika mji wa Paris, tarehe 13 Juni mwaka huohuo, Real Madrid ya Hispania iliifunga Reims ya Ufaransa mabao 4 kwa 3 na kutwaa Kombe la kwanza la Ulaya. Zikapita miaka mingi mpaka jina la Real Madrid likatajwa Bwera kwa hofu na kwa dhihaka kama jina la jirani mkorofi.

Kati ya wakati ule na huu palipita masafa ya redio. Utangazaji wa Uganda ulianza mwaka 1954, idhaa ya Kiswahili ya BBC ikafuata mwaka 1957, na mtu aliyemiliki redio na betri zake katika kijiji alikuwa na baraza kubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji, kwa maana watu walimjia kwa habari za dunia na kwa matokeo ya mpira. Shabiki wa redio alikuwa na sharti lisilomlazimu shabiki wa leo: ilimbidi aujenge uwanja katika fikira zake, awape wachezaji nyuso na urefu, na aupime umbali wa mkwaju kwa mbio za ulimi wa mtangazaji.

Walakini katika zama hizo za redio moyo wa shabiki wa Uganda haukuwa Ulaya. Ulikuwa kwa Simba, timu ya jeshi, iliyofika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 ikashindwa na Hafia ya Guinea; ulikuwa kwa timu ya taifa, Cranes, iliyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra mwezi Machi 1978 ikafungwa na Ghana mabao 2 kwa 0; na ulikuwa kwa SC Villa, iliyofika fainali ya klabu bingwa mwaka 1991 ikaanguka mbele ya Club Africain ya Tunisia. Fainali tatu katika miaka ishirini, na kombe hata moja halikuja. Tena Bukonzo ilikuwa na sababu yake yenyewe ya kutojiona ndani ya ushindi wa Kampala. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza dola yao ya Rwenzururu, wakipinga kutawaliwa na Toro. Vita vya mlimani vikadumu, kwa kuwaka na kufifia, hata mwaka 1982 mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliposhuka na watu wake kwa amani. Mtu aliyelelewa katika pango la vita, akisikia redio ikimwambia kwamba taifa lake linacheza leo, alikuwa na haki ya kuuliza ni taifa lipi linalokusudiwa.

Mwaka 1992 ndio mlango wa zama mpya. Waingereza waliianzisha Ligi Kuu yao kwa fedha za televisheni ya setilaiti, na Kombe la Ulaya likapewa jina la Ligi ya Mabingwa. Katika miaka iliyofuata, madishi ya televisheni za kulipia yalianza kuonekana Kampala juu ya hoteli na nyumba za matajiri, kisha yakasafiri magharibi kwa njia ileile ya lami na reli. Hayakuikuta Kasese katika amani. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe kutoka upande wa Kongo, na kwa miaka iliyofuata maelfu ya watu wa mlimani waliyakimbia mashamba yao wakaishi kambini. Hivyo usiku wa tarehe 26 Mei 1999, Manchester United ilipokuwa nyuma ya Bayern Munich kwa bao la Mario Basler hata dakika 90 zikatimia, kisha Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær wakafunga mabao mawili ndani ya dakika za nyongeza mjini Barcelona, sehemu hizi zilikuwa zingali katika mashaka ya usiku. Ila bao halina mpaka wa wakati: habari ya dakika tatu zile ilipanda vilima polepole, ikasimuliwa na kusimuliwa tena, na ikazaa kizazi kizima cha mashabiki wa United ambao hawakuutazama mchezo wenyewe.

Amani iliporudi, banda likaja pamoja nayo. Watanzania huliita banda umiza, kwa sababu ya msongamano wake. Waganda huliita kibanda tu. Lile la zamani lilikuwa na kuta za mbao au matete, paa la mabati, mabenchi yaliyopangwa kama ya kanisa, na mbele yake televisheni iliyofungiwa katika sanduku la mbao kama hirizi ya thamani. Nyuma palinguruma jenereta, kwa maana umeme wa mito ya mlimani, ambao Kilembe iliutumia tangu zama za shaba, ulipita juu ya vichwa vya wanavijiji miaka mingi kabla ya kuingia nyumbani mwao. Mchana palionyeshwa filamu za kigeni, zikifasiriwa papo hapo na mtu mwenye kipaza sauti ambaye Waganda humwita viijei. Jioni ubao wa chaki uliwekwa mlangoni ukiwa na majina ya timu na saa. Mwenye banda alilipia king'amuzi, akanunua petroli, akatoza kiingilio cha shilingi chache, na hesabu yake ikaegemea msimu wa Ulaya kama hesabu ya mkulima inavyoegemea msimu wa mvua.

Klabu ziligawana watu kwa sababu ambazo tarikhi yaweza kuzieleza. United ilivuna kutokana na mwaka 1999. Arsenal ilivuna kutokana na msimu wa 2003 na 2004, ilipotwaa ligi bila kushindwa hata mchezo mmoja, na kutokana na Waafrika walioivalia jezi, Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kameruni na Kolo Touré wa Kodivaa. Liverpool ilipata wafuasi wapya na kuwaamsha wa zamani tarehe 25 Mei 2005, ilipofungwa na AC Milan mabao 3 katika kipindi cha kwanza mjini Istanbul, ikayarudisha yote matatu na kushinda kwa penalti. Chelsea iliwategemea Didier Drogba na Michael Essien, na tarehe 19 Mei 2012, Drogba aliposawazisha kwa kichwa katika dakika ya 88 mjini Munich kisha akapiga penalti ya mwisho, kombe likaenda London kwa mkono wa Mwafrika, na mashabiki wa Chelsea wakapata hoja ambayo hata mahasimu wao hawakuwa na jawabu lake. Mapenzi hayo kwa wachezaji wa bara hili hayakuwa na ubaguzi wa kabila: aliyemsifu Drogba Bwera hakuulizwa Kodivaa iko wapi.

Sasa na ielezwe furaha yenyewe, kwa kuwa ina taratibu zake. Mchezo wa Ligi ya Mabingwa aghalabu huanza, kwa saa za Uganda, saa nne usiku katika majira ya kiangazi ya Ulaya na saa tano katika majira yao ya baridi. Lakini upande wa pili wa daraja la Mpondwe saa ya Kongo hukaa nyuma kwa saa moja, hivi kwamba mchezo mmoja uliochezwa mara moja tu huanza saa nne Bwera na saa tatu Kasindi. Bao likiingia, banda lote husimama. Wenye kushinda hukumbatiana na watu wasiowajua, na wenye kushindwa huketi wakitazama chini kana kwamba wamepoteza sarafu. Mchezo ukiisha, waendesha bodaboda huwasha taa na kupiga honi kwa mpigo mmoja, madumu matupu hugeuzwa ngoma, jezi huvuliwa zikapeperushwa, na msafara mdogo huelekea mlangoni kwa yule mpinzani aliyejigamba mchana. Hapo humwamsha kwa nyimbo, humpa pole ya kejeli, pengine humzikia klabu yake kwa jeneza la maboksi. Naye, kwa sheria isiyoandikwa, hukaa kimya ndani au hutoka akacheka pamoja nao, kwa maana kukasirika ndiyo aibu iliyo kubwa kuliko kufungwa. Bakonzo walikuwa na makusanyiko ya usiku kabla ya televisheni, yaliyoongozwa kwa endara, marimba yao ya mbao ndefu yanayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wenye kukesha kwa ajili ya Arsenal ni wajukuu wa wenye kukesha kwa ajili ya endara.

Mfano ulio karibu na ulio mzuri kuliko yote ni ule wa tarehe 8 Aprili 2025. Arsenal, ambayo ilikuwa imefika fainali ya Ligi ya Mabingwa mara moja tu, mwaka 2006 mjini Paris, ikafungwa na Barcelona 2 kwa 1, iliikaribisha London Real Madrid iliyokwisha kulitwaa kombe hilo mara 15. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Katika dakika ya 58 Declan Rice, ambaye katika maisha yake ya mpira hakuwa amepata kufunga bao la mpira wa adhabu moja kwa moja, aliuzungusha mpira ukapita kando ya ukuta wa walinzi na kutulia wavuni. Katika dakika ya 70 akafanya hivyo mara ya pili, na katika dakika ya 75 Mikel Merino akaongeza la tatu. Siku nane baadaye, Madrid kwenyewe, Arsenal ilishinda tena 2 kwa 1, Bukayo Saka na Gabriel Martinelli wakifunga. Mtu asiye shabiki atauliza faida ya furaha hiyo ni nini, maadamu katika nusu fainali Arsenal ilitolewa na Paris Saint-Germain na kombe halikuja. Shabiki wa kweli hujibu kwamba alingoja miaka 19 tangu Paris aone klabu yake ikiwainamisha wafalme, na kwamba ushindi uliongojewa kwa dhihaka nyingi una utamu ambao kombe lililozoeleka halina. Jawabu hili si la mtoto. Ni jawabu la mtu ajuaye kuwa subira nayo ni mali.

Linabaki swali kuu: kwa nini klabu ya mbali? Jawabu la haraka ni kwamba televisheni ndiyo iliyoileta, na wenye fedha ndio walioituma. Nalo ni la kweli, ila halitoshi, kwa sababu televisheni hiyohiyo huleta mengi ambayo Karambi huyatazama bila kuyapenda. Maoni ya makala hii ni kwamba umbali wa klabu hizo ndio fadhila yake. Katika wilaya ya Kasese kila upande wa karibu una gharama. Aliyetaja upande wake mwaka 1962 aliweza kupoteza nyumba. Aliyedhaniwa kuwa wa upande fulani mwaka 1996 aliweza kupoteza maisha. Na mwezi Novemba 2016, miaka saba baada ya serikali kuutambua ufalme wa Rwenzururu, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapambano ya askari wa serikali na walinzi wa Omusinga, yaani mfalme wa Rwenzururu, mjini Kasese. Ufalme, chama, kabila na madhehebu ni pande ambazo mtu huzirithi kabla ya kuzichagua, na hasara yake huwafikia hata wanawe. Lakini Arsenal haina ukoo Bukonzo, United haina shamba Karambi, na Chelsea haijamnyang'anya mtu yeyote hapa ng'ombe wala heshima. Kwa hiyo baba aweza kuwa wa United, mwana wa Arsenal na mama wa Liverpool, wakala sahani moja. Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato na Mwislamu huketi benchi moja. Na mfanyabiashara kutoka Butembo akimkuta wakala wa forodha wa Bwera amevaa jezi kama yake, nusu ya mazungumzo ya bei imekwisha kumalizika. Watu waliozoea kuwa kutofautiana ni hatari wamejipatia tofauti isiyo na hatari, nao wakaifurahia kwa nguvu zote.

Hata umbali huo, hata hivyo, si kamili. Kuanzia mwaka 2018 mkono wa jezi ya Arsenal ulibeba tangazo la utalii wa Rwanda, na mwaka uliofuata Paris Saint-Germain ikaingia mkataba wa namna hiyo. Mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, serikali ya Kongo, inayoishutumu Rwanda kuwasaidia waasi hao, ilizitaka klabu hizo ziuvunje uhusiano huo. Na katika mwaka huohuo Kongo yenyewe ikaingia mkataba wa kutangazwa na Barcelona. Ilitokea, basi, kwamba jezi iliyovaliwa katika daraja la Mpondwe kwa ajili ya mzaha ikageuka kuwa karatasi ya siasa machoni pa mtu aliyekimbia vita. Wala jirani wa magharibi hakukosa fahari yake ya karibu: mwezi Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikakutana na Inter ya Milano, ambayo kikosini mwake alikuwamo Mkenya McDonald Mariga. Inter ilishinda 3 kwa 0. Lakini kwa muda wa siku nne Mkongo aliyeshangilia hakuhitaji kuazima jina la mtu.

Haifai pia kuyafunika mabaya. Furaha ya banda imekuwa na jamaa yake mwovu, kamari. Mwaka 2013 magazeti ya Uganda yalisimulia habari ya mtu wa Iganga aliyeweka nyumba yake rehani ya ushindi wa Arsenal mbele ya United, akaipoteza kwa bao 1 kwa 0. Na tangu hapo maduka ya kubahatisha yameenea hata katika miji midogo, yakimfanya kijana ajali idadi ya mabao kuliko mchezo wenyewe. Kadhalika mkusanyiko wa usiku ni shabaha rahisi kwa mwenye nia mbaya: tarehe 11 Julai 2010, waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika sehemu mbili za Kampala waliuawa kwa mabomu, zaidi ya watu 70. Na Bwera yenyewe imefundishwa hadhari kwa njia chungu. Mwezi Juni 2019, siku chache baada ya Liverpool kuifunga Tottenham mjini Madrid na kutwaa kombe, ugonjwa wa Ebola ulivuka kutoka Kongo, wagonjwa wakalazwa Bwera, na mikusanyiko, soko na ibada vikasimamishwa kwa muda. Na tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa ADF waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakawaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Kwa wafiwa wa mji huo mpira si dawa, wala makala hii haidai hivyo.

Lakini hadhari ni jambo moja na kuiogopa furaha ni jambo jingine. Mwezi Januari 2023, Arsenal ilipoifunga United 3 kwa 2, mashabiki wanane walikamatwa na polisi mjini Jinja kwa sababu walifanya msafara wa shangwe, wakiwa na jezi na kombe la bandia, bila kibali. Sheria ya mikusanyiko ina sababu zake, na askari ana wajibu wake. Ila nchi iliyoona misafara ya silaha yapasa iweze kuutambua msafara wa honi na vigelegele. Nao wazee wanaolalamika kwamba viwanja vya shule vimeota majani ilhali vijana wanahesabu mabao ya Madrid wana haki nusu: klabu ya Ulaya haitakuja kuweka nyavu katika kiwanja cha Karambi, wala haitamnunulia mtoto wa hapa viatu. Nusu ya pili ya haki i kwa vijana, ambao jioni baada ya mchezo mkubwa huenda kiwanjani kuujaribu mkwaju walioutazama usiku, kama baba zao walivyojaribu ule waliousikia redioni.

Hukumu ya tarikhi, kwa kadiri inavyoweza kutolewa sasa, ni kwamba watu wa Karambi na Bwera hawakutekwa na kandanda ya Ulaya. Waliichukua wakaitumia kwa haja yao, wakaifanya uwanja wa kushindana bila kuumizana, katika nchi ambayo viwanja vya namna hiyo vilikuwa vichache. Waliobaki na kazi ni wawili. Wa kwanza ni viongozi wa gombolola, wa wilaya na wa chama cha mpira, ambao wanaona kila wiki, bila kulipa hata senti moja, jinsi watu wa makabila na madhehebu yote wanavyoweza kuketi benchi moja, na bado hawajawapa timu ya nyumbani yenye kiwanja kizuri, ratiba ya kuaminika na malipo ya haki. Wa pili ni vijana wenye kalamu. Wamiliki wa mabanda ya kwanza, wachimba madini wastaafu wa Kilembe na wasikilizaji wa redio za betri wangali hai baadhi yao. Nendeni mkawaulize, mkaandike majina ya timu zao na mwaka wa kila dishi, kwa kuwa tarikhi ya mchezo huu katika mlima huu imo vichwani mwao, na haijawekwa bado katika kitabu chochote.